Gubeti la Mtepe: Sanamu au Sitiari?

Katika mazoezi ya tafsiri tunayosahihisha kila muhula, ile sanamu ya mbao iliyokuwa ikichongwa na kuwekwa mbele ya meli za kale za Ulaya huitwa "sanamu ya omo". Kwa meli za Ulaya hatuna ugomvi na tafsiri hiyo. Ugomvi wetu unaanza pale inapohamishiwa kwenye vyombo vya Waswahili, na hasa kwenye mtepe wa Lamu.

Chukua meli ya Cutty Sark, iliyoundwa Dumbarton, Uskoti, mwaka 1869, na ambayo imehifadhiwa Greenwich. Mbele yake yupo Nannie, mchawi wa shairi la Robert Burns, ameshika mkia wa farasi mkononi. Aliyelisoma shairi hilo humtambua mara moja. Sanamu ya namna hii huchongwa kando, kisha hupachikwa. Ikivunjika huchongwa nyingine, na meli hubaki kuwa ile ile.

Mtepe haukuwa hivyo. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba. Gubeti lake lilitokeza mbele kama shingo ndefu, likaishia kwenye kichwa ambacho wenyeji walikifananisha na cha ngamia. Kila upande palichorwa jicho. Mapokeo ya Lamu husema kichwa hicho ni kumbukumbu ya ngamia jike wa Mtume Muhammad. Hata hivyo, ukikitazama kwa makini huoni mdomo wala masikio yaliyochongwa kwa uangalifu wa Nannie. Unaona mkunjo wa ubao na jicho, basi. Ngamia anakamilishwa na mtazamaji.

Kwa hiyo tunashauri kwamba gubeti la mtepe lisomwe kama tunavyosoma sitiari. Tashbihi hutaja vitu viwili na kuviunganisha kwa "kama". Sitiari hukidokeza kimoja ndani ya kingine. Katika jamii ya Kiislamu, ambamo kuchonga viumbe kwa ukamilifu kulitiliwa shaka, udokezi huo hatuoni kuwa ni upungufu wa ufundi. Ndio ufundi wenyewe. Wachongaji wa pwani hii hii walikuwa hodari wa kutosha kujaza mlango mzima kwa maua na minyororo. Kama wangetaka ngamia kamili, wangempata.

Wapo wanaodai kuwa kichwa hicho kilikuwa pambo tu. Dai hilo linakumbana na dau la mtepe. Nalo lilikuwa chombo cha kushonwa cha Lamu hiyo hiyo, lakini mbele yake palinyooka, bila shingo wala kichwa. Vyombo viwili vya ukoo mmoja vilitofautishwa kwa macho kwa gubeti zaidi ya kitu kingine. Pambo gani linaamua chombo kiitweje? Ni kweli kwamba vyombo vya ng'ambo vilikuwa na mapambo yao: kotia la Bara Hindi lilijulikana kwa kichwa kinachofanana na kasuku, na bagala la Ghuba liliwekeza nakshi zake tezini. Haya yanahitaji makala yake.

Msomaji wetu wa hapa Juba anaweza kuuliza: bahari iko wapi? Tuna Bahr el Jebel na matishari ya chuma, hatuna omo lililochongwa. Lakini wanafunzi wetu wanakariri "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" kwa ajili ya mtihani, na wengi wao wakisikia "tezi" hufikiria hospitali. Mwalimu akitafsiri kila chombo kuwa "meli" anawanyang'anya methali nzima.

Zaidi ya hapo, mwanafunzi wa Kidinka haanzi bila chochote. Kwao kijana huchukua jina kutokana na maksai wake, na pembe za maksai huyo huweza kuelekezwa kwa makusudi zipinde zinavyotakiwa. Mwambie kwamba Waswahili walikipa chombo shingo ya ngamia, hatauliza kwa nini.

Mtepe wenyewe hauundwi tena kwa kazi. Mwaka 2003 uliundwa mmoja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Kwa hiyo darasani tunategemea picha. Tumeona zoezi moja linalofaa: mwanafunzi afunike sehemu ya mbele kwa kiganja, aeleze chombo anachokiona, kisha aondoe kiganja na aeleze upya, bila kutumia neno "sanamu".