Njiwa wa Ukutani na Kiti cha Bunduki

Mwaka 1996, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja jina, niliagiza njiwa achorwe kwenye ukuta wa mbele wa ofisi. Fundi wa mabango alikuja kutoka mjini na makopo yake ya rangi, akachora ndege mweupe mwenye tawi mdomoni, na chini yake akaandika AMANI kwa herufi kubwa za buluu. Wageni walisifu. Wazazi walipiga picha mbele yake. Nami, nakiri, nilijiona kama mtu aliyekwisha kuifanyia amani kazi yake.

Haukupita mwezi, watoto wa vitongoji viwili wakapigana kwa mawe kwenye foleni ya maji, hatua chache tu kutoka ukuta ule. Shule nzima ilikuwa na bomba moja. Kijana mmoja wa darasa la sita alipigwa jiwe la jicho, na jicho lile halikuona tena.

Msomaji atanisamehe kwa kuanza na aibu yangu kabla ya kufika kwenye sanaa. Swali ninalotaka kulipima hapa nililipata siku ile, nikiwa nimesimama baina ya njiwa na damu. Je, kazi ya sanaa inayowekwa hadharani inaweza kumfanya mpita njia aitumikie amani, au inaweza tu kumfanya aitikie kwa kichwa na kuendelea na safari yake?

Tuanze na sanamu ambayo wengi wetu tunaijua. Katikati ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Samora inapokutana na Azikiwe, amesimama Askari wa shaba tangu mwaka 1927. Waingereza walimsimamisha kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya kwanza. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, nayo ikaondolewa Waingereza walipouteka mji. Mwenye kiwanja alibadilika, sifa za vita zikabaki palepale.

Kama kazi ya mikono, Askari yule ni mzuri. Mwili wake umeinama mbele, mguu umekanyaga kwa uzito, singe imeelekea bandarini. Humwoni amechoka wala hofu haionekani usoni. Niliwahi kuwapeleka watoto kumtazama, na wavulana wote, bila kuagizwa, walishika bunduki za hewa wakasimama kama yeye. Hapo nilitambua kwamba sanamu ina sauti kuliko mwalimu. Nilikuwa nimewaeleza habari za wapagazi, wale maelfu waliobeba mizigo ya majeshi na kufa kwa maradhi na njaa. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki peke yake. Watoto walimwiga wa juu. Hakuna hata mmoja aliyejitwika mzigo kichwani.

Basi nguvu ya sanaa ya hadharani si jambo la kubishaniwa. Jambo la kuuliza ni kile inachomtaka mtu afanye kwa mwili wake. Askari anamtaka mtu asimame vile. Njiwa wangu hakumtaka mtu afanye lolote.

Jina la barabara ile linanipeleka kusini, kwa jirani zetu. Samora Machel aliiongoza FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, hadi uhuru wa Msumbiji mwaka 1975. Lakini uhuru haukuleta utulivu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza muda mfupi baadaye na vikaendelea hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992. Watu wakarudi makwao, lakini bunduki nazo zilirudi pamoja nao. Zilifukiwa mashambani na kufichwa majumbani.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kubadili silaha kuwa majembe. Wazo lenyewe ni la kale, limo katika kitabu cha Nabii Isaya. Jipya lilikuwa utekelezaji. Mwenye bunduki aliileta, naye akapewa jembe, cherehani, baiskeli au vifaa vya ujenzi. Kuna kijiji kilichokusanya silaha zake kikapewa trekta. Bunduki zilikatwakatwa zisifae tena, na vipande wakapewa wasanii wa Maputo.

Kazi mbili zilizotokana na mpango huo zimesifiwa duniani kote, nami nimeziona katika picha tu. Ya kwanza ni Kiti cha Enzi cha Silaha, alichokiunga Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, mwaka 2001. Ya pili ni Mti wa Uhai, waliouunga yeye na wenzake watatu mwaka 2004. Zote mbili zilichukuliwa na Makumbusho ya Uingereza, London.

Mti ni mkubwa na unapendeza. Una matawi, majani, ndege na wanyama, vyote vya chuma cha silaha. Lakini nikiulizwa nichague, nachagua kiti. Mti unaweza kuupenda kwa mbali, kama nilivyompenda njiwa wangu, hata ukasahau umetokana na nini. Kiti hakikupi nafasi hiyo. Kwetu Waafrika kiti ni heshima. Mgeni hukaribishwa kiti, na mzee huketi ndipo aamue ugomvi wa majirani. Kester ametutengenezea kiti cha mzee, mikono yake ni bunduki za AK47, na juu ya mgongo wake kuna vitako viwili vya bunduki vyenye matundu na mikwaruzo ambayo ukiitazama vema inafanana na nyuso zinazotabasamu. Kinakukaribisha ukae, na mwili wako unakataa. Katika kule kusitasita ndimo fikra huanza: nani aliketi juu ya silaha hizi akatawala, na mimi je, kiti changu kimeundwa kwa nini? Zaidi ya hayo, hakuna hata moja kati ya bunduki zile iliyotengenezwa Afrika. Waliokufa walikuwa wetu, viwanda havikuwa vyetu.

Yapo mawili ya kulaumu, na mchambuzi asiyeyasema atakuwa mpiga debe. La kwanza, kazi hizi ziko London, mbali na wale waliochimbua bunduki chini ya miembe yao. Ni kweli kwamba kiti kilizungushwa katika shule na hata gerezani huko Uingereza, na hilo ni jema, lakini mkulima wa Nampula hakukiona. La pili, huenda aliyeleta bunduki alifuata cherehani, hakufuata amani.

Lawama ya kwanza naikubali. Ya pili siikubali. Mtu mwenye cherehani ana wateja wa kesho, na mwenye wateja wa kesho hataki vita leo. Bendera ya Msumbiji ina bunduki, jembe na kitabu. Mpango ule ulimwomba kila mwananchi ashushe kimoja na kushika kingine kwa mkono wake mwenyewe. Sanaa ilianza pale mtu alipotembea na bunduki kwenda kuikabidhi. Kiti na mti ni kumbukumbu ya mwendo huo.

Narudi shuleni kwangu. Baada ya ugomvi ule, mwalimu wa kazi za mikono, mama mmoja mpole wa maneno, alinijia na shauri. Alitaka watoto wa vitongoji vyote viwili wayaokote mawe yaliyorushwa, wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, kisha wajenge benchi kuzunguka bomba ili wanaosubiri maji wakae kwa zamu. Nilikataa. Nilimwambia litaharibu sura ya uwanja, na njiwa amekwisha kutugharimu fedha za kutosha. Alinijibu, "Mwalimu mkuu, njiwa hajateka maji." Nilikaa na neno hilo siku mbili, kisha nikaruhusu.

Benchi lilitoka limepinda. Ugomvi haukuisha, ila mawe hayakurushwa tena, kwa kuwa yalikuwa yamekaliwa. Sikulihesabu kuwa sanaa mpaka miaka mingi baadaye, mjukuu wangu aliponionyesha picha ya kiti cha Kester.

Kwa hiyo, viongozi wa vijiji, walimu na madiwani mtakaotaka kupamba njia panda zenu kwa ajili ya amani, nawaomba jambo moja. Kabla hamjamlipa fundi, jiulizeni mpita njia ataleta nini na ataondoka ameshika nini. Mkikosa jibu, nunueni bomba la pili.

Mwaka juzi nilipita pale. Njiwa amebaki bawa moja na herufi mbili. Kwenye benchi walikaa wasichana watatu na ndoo zao. Yule kijana wa jicho, ambaye sasa ni baba wa watoto wanaosoma hapohapo, alikuwa akizibua ufa wake kwa saruji. Aliniamkia, nikaitikia, nikavua koti nikamshikia karai.