Sumaku Katika Kitambaa

Aliyetunga methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hakuwahi kununua gari kuukuu Mombasa. Huku kibaya ndicho kinachojiuza. Kikishapigwa rangi, kikang'arishwa tairi na kunyunyiziwa marashi vitini, huegeshwa kivulini kumngoja mwenye haraka. Mimi nilikuwa na haraka. Kilichoniokoa ni ami mmoja wa Kibarani, fundi mzee asiyesema sana, aliyekubali kunitazamia gari kwa sharti moja: lisiwashwe mpaka afike.

Tulipofika, ile Corolla ilikuwa imekwisha kuwashwa. Ami hakuuliza neno. Aliweka kiganja juu ya boneti kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa, akavuta ndoo, akaketi. "Tutangoja ipoe, mwanangu." Injini yenye moto huficha mengi: ule mlio wa kugonga wa asubuhi, moshi wa kwanza, betri isiyo na nguvu. Tukangoja saa nzima na zaidi, malori ya bandarini yakinguruma barabarani, mwenye gari akichezea simu na kutuambia mara ya tatu kwamba lilikuwa gari la mama mmoja, halikuwahi kutoka kisiwani.

Kibarani ni pahala panapofaa kwa kazi hiyo. Kwa miaka mingi palikuwa jaa la mji mzima, hadi lilipofungwa 2018, pakapandwa nyasi na minazi. Apitaye leo akielekea daraja la Makupa huona bustani kando ya maji. Ami, ambaye pua yake bado inaukumbuka moshi ule, huona puti.

Na puti ndiyo aliyoanza nayo. Alitoa mfukoni sumaku ndogo iliyoviringwa kitambaa, isije ikakwaruza rangi, akaipitisha taratibu juu ya milango na matao ya magurudumu. Penye bati, sumaku hung'ang'ania. Penye puti nene, hulegea ikamrudia mkononi. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole. Bati hulia, puti hunyamaza. Mara mbili alirudi pale pale, chini ya mlango wa nyuma, akagonga tena, kama mtu aliyeulizwa swali na kupewa jibu la nusu.

Baadaye akalala chali juu ya gunia na bisibisi yake, akidonoa maungo ya chesisi. Hapo alikaa muda mrefu kuliko popote. Wengi wetu tukienda kununua gari hukimbilia injini, tukafunua boneti na kutikisa vichwa kana kwamba twajua tunachokitazama. Ami husema tunaanzia mwisho, nami nimekuja kumwamini, walau kwa pwani hii. Injini ya mtumba kutoka Japani hununuliwa, ikafungwa, gari likatembea. Chesisi iliyoliwa haina duka. Na chumvi ya huku haina msimu: iko katika upepo wa kaskazi na wa kusi, iko katika maji yanayorukia tumbo la gari likipanda feri ya Likoni wakati bahari imejaa. Gari lililotumika kwanza Hokkaido, ambako barabara humwagwa chumvi ili theluji iyeyuke, kisha likaja kuzeekea hapa, limelishwa chumvi mara mbili.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Kwa hivyo gari lenye namba za KB, zilizoanza 2007, limeishi kwetu muda mrefu kuliko lilivyoishi kwa wenyewe. Maradhi yake ni yetu, na mara nyingi kuna fundi mahali fulani anayeyajua.

Saa ya maili ilisoma kilomita 80,000. Ami aliitupia jicho mara moja tu, akainama kutazama raba ya pedali ya breki, iliyolika upande mmoja hadi kwenye chuma. Maili hurudishwa nyuma, raba hairudishwi. Kwenye tairi alinionyesha tarakimu nne, 1415: wiki ya 14 ya mwaka 2015. Tairi mpya, tulikuwa tumeambiwa.

Ndipo akaagiza iwashwe. Akafumba macho. Hakukutoka moshi wa buluu wa oili inayoungua, wala ule mweupe usiokatika wa gasketi iliyokufa. Oili kwenye kijiti haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Injini ilikuwa nzima, ikizunguka kama cherehani, nami moyoni nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu pesa.

Ami akaingia kiti cha nyuma. Akashika mkanda, akauvuta, akauvuta, hadi ukafika mwisho wake, pale ambapo hakuna abiria anayewahi kufika. Kwenye ule urefu wa mwisho palikuwa na mstari wa tope kavu, ulionyooka kama uliopigwa rula. Akakunja zulia chini ya kiti, akapitisha kidole kwenye bolti, kikatoka na kutu.

"Limeogelea," akasema.

Mwenye gari hakubisha. Alizima injini, akasimama akimtazama ami anavyoikunja sumaku ndani ya kitambaa chake na kuitia mfukoni. Kisha akamvuta kando, akidhani sisikii.

"Ami, nipe namba yako ya simu. Nikiliuza hili nataka kununua jingine."