Spektra ya nyota: tumeipima au tumeikisia?

Majuzi nilitumiwa mswada wa kitabu cha elimu ya nyota kwa Kiswahili niuhakiki. Mwandishi ni mweledi wa fizikia na lugha yake inateleza. Hata hivyo, sura ya nne imenikosesha raha kwa sababu ya kitenzi kimoja tu: kupima.

Anaeleza jinsi mwanga wa nyota unavyopitishwa katika vichujio. Katika mfumo wa Johnson na Morgan wa mwaka 1953, vichujio ni vitatu: cha urujuanimno, cha buluu na cha manjano-kijani. Mwangaza hupimwa kupitia kila kimoja, kisha tofauti ya vipimo viwili huitwa rangi ya nyota. Kwa vichujio viwili vya mwisho, Jua hupata takriban 0.65, nayo Vega karibu na 0. Hadi hapo, sina ubishi. Ghafla anaandika ati wanaastronomia wamekwisha 'kupima spektra'.

La, hasha! Walichopima ni mwangaza. Namba tatu, basi. Spektra, yaani mwanga uliotandazwa hadi mistari myeusi ya elementi ikaonekana, wameikisia kwa kulinganisha namba hizo na nyota zilizokwisha kuchunguzwa. Ni sawa na mtu kusikia noti tatu kutoka kwa jirani akautaja wimbo mzima. Huenda akapatia, lakini hajausikia.

Wapo watakaoniona mchokozi wa maneno. Haya, tuitazame Betelgeuse. Mwishoni mwa 2019 ilianza kufifia isivyo kawaida. Je, ilikuwa imepoa au imefunikwa na vumbi? Yote mawili hupunguza mwangaza, na kwa kawaida vumbi huifanya nyota ionekane nyekundu zaidi, kana kwamba imepoa. Februari 2020, Emily Levesque na Philip Massey waliichukua spektra yenyewe, wakakadiria (naam, wakakadiria) jotoridi la Kelvini 3,600 hivi. Mwaka 2004 lilikuwa 3,650. Upungufu huo ulikuwa mdogo mno kueleza kufifia kule, wakalielekezea vumbi kidole.

Nimemrudishia mwandishi mswada nikipendekeza 'kukisia spektra'. Amejibu kwamba msomaji atadhani wanasayansi wanabahatisha. Hoja hiyo ina uzito, nakiri, maana mitaani kukisia na kubahatisha ni majirani wa ukuta mmoja. Akitaka 'kukadiria', nitamwachia, mradi ataje na kiwango cha kosa. 'Kupima' sipitishi.