Una Pingamizi na Mzee Yeyote?

Kesi za mauaji Tanzania Bara haziamuliwi na jopo la raia 12. Kwa miongo mingi Mahakama Kuu iliketi na wazee wa baraza, wawili au zaidi, waliosikiliza ushahidi wote, wakauliza maswali kwa ruhusa ya jaji, na mwishoni kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hakufungwa na maoni hayo, ingawa akiyakataa ilimpasa aeleze sababu. Kwa hiyo mzee mwenye upande wake hakuwa jambo dogo: maswali yake yalisikika, na maoni yake yaliingia kwenye mwenendo wa shauri.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilisema kesi isikilizwe pamoja na wazee, lakini haikumwelekeza jaji namna ya kumwondoa mzee asiyefaa. Pengo hilo lilizibwa na mazoea ya mahakama. Katika shauri la Laurent Salu na wenzake watano, Rufaa ya Jinai Namba 176 ya mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilikiri kwamba kumpa mshitakiwa nafasi ya kuwapinga wazee ni utaratibu uliozoeleka tu, si kanuni ya sheria. Papo hapo ikasema umeshaota mizizi kiasi cha kuwa sehemu ya usikilizaji wa haki. Mshitakiwa anaweza kuwa aliwahi kugombana na mzee fulani, na kwa kuwa washitakiwa wengi hawajui sheria, ni lazima waambiwe kwamba wana haki ya kumkataa. Baada ya hapo, kesi ambazo hatua hii ilirukwa zilianza kufika kwenye rufaa, na baadhi ya hukumu zilifutwa ili kesi zisikilizwe upya.

Sasa tuone utaratibu wenyewe ulivyokwenda. Tuchukue mfano wa kubuni: mkulima wa Kasokola, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda, anashitakiwa kumuua mfugaji katika ugomvi wa ng'ombe walioingia shambani. Jaji amesafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Sumbawanga kuja kwenye kikao Mpanda. Wazee watatu wanatajwa majina. Jaji anamuuliza mshitakiwa kama ana pingamizi na yeyote kati yao. Mshitakiwa anamtazama wakili wake, ambaye pengine wamekutana asubuhi hiyohiyo, kisha anajibu: "Sina, Mheshimiwa." Karani anaandika, wazee wanaelezwa majukumu yao, shahidi wa kwanza anaitwa.

Udhaifu uko hapo. Aliyeulizwa ni mshitakiwa peke yake, na huyo ametoka mahabusu. Sura za wazee anaziona leo. Atajuaje kwamba mzee wa pili ameoza binti yake kwenye ukoo wa marehemu? Anayejua ni mzee mwenyewe, naye hakuulizwa. Na huenda hata yeye hajajua bado: jina la marehemu linaweza lisimwambie kitu mpaka shahidi wa tatu ataje kitongoji na jina la baba yake. Orodha ya mashahidi ilikuwa mezani kwa jaji tangu usikilizwaji wa awali. Kuwasomea wazee majina hayo na vijiji vyao, kisha kumuuliza kila mmoja kama yumo ndugu, mkwe, jirani au mdeni wake, kungechukua dakika kumi.

Marekani wao wamekwenda mbali upande huo. Katika kesi ya Irvin v. Dowd, iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 1961, watu 430 walioitwa kwa ajili ya jopo walihojiwa kule Indiana na 268 wakaondolewa kwa sababu walishaamini mshitakiwa ana hatia. Hata hivyo wanane kati ya 12 waliochaguliwa walikuwa na imani hiyohiyo, wakidai wataiweka kando. Mahakama ilifuta hukumu, ingawa ilisema pia kwamba kuijua kesi si kosa. Kosa ni kuwa na uamuzi usiobanduka. Kwa mji kama Mpanda kipimo hicho kina maana, maana mauaji ya Kasokola yatakuwa yamezungumzwa sokoni kabla mwili haujazikwa. Ukimkataa kila aliyesikia, utabaki na viti vitupu. Na mzee kuwa mfugaji tu, au Msukuma kama marehemu, si sababu ya kumwondoa. Undugu ni sababu.

Mwaka 2022 Bunge liliondoa ulazima wa wazee, na sasa kuwaita ni hiari ya mahakama. Sikulia sana, kwa kuwa kesi nyingi zilikuwa zikirudi nyuma kwa dosari za majumuisho ya jaji kwa wazee au kwa mzee aliyehoji kama wakili. Lakini pale wasipoitwa, pingamizi limebaki kwa jaji peke yake. Tangu shauri la Rugaimukamu, Rufaa ya Madai Namba 13 ya mwaka 1999, jaji anaombwa ajitoe pale penye uhasama kati yake na mdaawa, au uhusiano wa karibu na upande mmoja, au maslahi yake au ya familia yake katika matokeo. Mwombaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha hayo, naye jaji huyohuyo ndiye anayelipima ombi. Mkulima wa Kasokola aliulizwa kuhusu wazee. Kuhusu jaji hakuna utaratibu unaomtaka mtu yeyote amuulize.