Kwa Nini Daraja la Jinja Lina Nyaya

Ukitoka Moshi kwenda Boma Ng'ombe, korongo la Kikafu halikwepeki. Barabara inashuka, inapinda, inavuka mto, halafu inakwea tena, na madereva wa malori wanaijua adha yake. Kwa nini basi pasijengwe daraja la nyaya kama lile la Kigamboni, lililofunguliwa 2016? Kwa maoni yangu yangekuwa mapambo tu. Nyaya hutumika pale ambapo nguzo haina pa kukanyaga, na bonde la Kikafu lina nafasi ya nguzo ndefu.

Jinja, nchini Uganda, mambo yalikuwa mengine. Magari yalikuwa yakivuka Nile juu ya bwawa la Nalubaale, la mwaka 1954. Daraja jipya, lililojengwa kwa mkopo wa Japani na kampuni za Zenitaka na Hyundai, lilifunguliwa Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, na kati ya minara yake miwili kuna mita 290 zisizo na nguzo hata moja.

Sakafu ya daraja la namna hii huanzia mnarani na kwenda pande zote mbili kwa pamoja. Zege humwagwa kwenye fremu inayoning'inia nchani. Likishika nguvu, hufungwa waya kutoka mnarani, waya hukazwa kwa jeki, fremu husogezwa mbele. Upande mmoja ukizidi uzito, mnara unaelemewa. Sasa angalia vipimo: sehemu za kando ni mita 100 na 135, ilhali nusu ya katikati ni mita 145. Kando inafika nchi kavu wakati katikati bado inadai uzito wa kuisawazisha, kwa hiyo ncha za ukingoni lazima zishikwe zisinyanyuke.

Nyaya zenyewe zimepangwa mstari mmoja, katikati ya barabara. Inapendeza machoni, ila lori zito likipita pembeni sakafu hutaka kujisokota. Ndiyo maana chini ya lami kuna sanduku la zege lenye uwazi ndani, gumu kusokoteka.

Mafundi wa madaraja haya hupima viwango alfajiri, kwa sababu waya ukipigwa na jua hurefuka na ncha ya sakafu hushuka. Ncha mbili zikikaribiana juu ya maji na kupishana kidogo, kinachoguswa ni jeki za nyaya. Zege huachwa lilivyo.