Mabishano ya Dari na Sanamu

Wanaozisifu maktaba kongwe za Ulaya hawakosi kuutaja ukumbi wa Admont, na sifa wanazoupa ni zilezile: mwanga, weupe, dhahabu, ukubwa. Sizikatai sifa hizo. Ukumbi una urefu wa mita 70 na upana wa mita 14. Una madirisha 48, na sakafu yake imepangwa vipande zaidi ya 7,000 vya marumaru vyeupe, vyekundu na vya kijivu, vilivyokatwa kwa namna inayolaghai jicho likadhani linakanyaga ngazi. Mtu akiingia asubuhi ya jua hana budi kusimama kidogo. Lakini sifa hizo huanza darini na kuishia darini, na katikati ya sakafu ile kuna sanamu nne nyeusi ambazo wengi huzipita upesi, kama mtu anayepita penye ugomvi wa jirani. Mimi nashikilia kwamba bila ugomvi huo ukumbi wa Admont ungekuwa chumba kizuri tu, na vyumba vizuri Austria haina upungufu navyo.

Admont ni mji wa soko katika jimbo la Steiermark, kando ya mto Enns, pale milima ya Gesäuse inapoanza kulibana bonde. Huko Austria "mji wa soko" si jina la sifa bali ni daraja la kisheria. Ni zaidi ya kijiji na pungufu ya mji kamili. Wakazi wake ni kama 5,000. Mahali padogo namna hii pasingejulikana mbali kama si abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1074 na Gebhard, Askofu Mkuu wa Salzburg, kwa mali iliyotokana na mama mmoja tajiri na mcha Mungu, Hemma wa Gurk. Msomaji wa Tanzania anawajua Wabenediktini kwa Peramiho na Ndanda. Tawi la kimisionari lililofika huko ni jingine, ila kanuni wanayoifuata ni hiyohiyo moja.

Ukumbi ulikamilika mwaka 1776. Aliyeusanifu ni Josef Hueber, mtu wa zama zilizoamini kwamba akili ni nuru na kwamba nyumba ya akili haina budi kujaa nuru. Picha za kuba saba za dari alizichora Bartolomeo Altomonte, naye wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 80. Alizichora katika majira ya joto ya mwaka 1775 na 1776. Hebu fikiri, mzee wa umri huo juu ya jukwaa la mafundi, shingo imepinda, akipaka rangi juu ya lipu isiyongoja! Kwa hilo peke yake anastahili heshima. Nazo picha zenyewe zinapanga maarifa ya binadamu kwa madaraja: akili inaamka, inajifunza kufikiri na kusema, inapanda kupitia sayansi, tiba, historia, sheria na teolojia, hadi inafika kwenye kuba la katikati ambako hekima ya Mungu inajifunua. Rangi ni laini, mawingu ni ya waridi, na kila mtu aliyechorwa humo anaonekana kujua aendako.

Hapo ndipo ninapoanza kusita. Safari ya maarifa inayosimuliwa na dari hili haina mtu aliyepotea njia. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyechoma kitabu wala aliyechomewa. Ni elimu iliyokwisha kunawa mikono na kuvaa nguo za sherehe. Hata vitabu vimelazimishwa kuvaa sare, maana vingi vilijalidiwa kwa ngozi nyeupe ili vilingane na rangi ya makabati. Kuna na milango iliyofichwa kwa migongo ya vitabu visivyo vitabu. Ukiivuta unakuta ngazi ya kupandia roshani. Ni mzaha wa mafundi, nami naupenda, lakini ni mzaha unaosema kweli: katika ukumbi huu kitabu ni maarifa, na pia ni ukuta.

Sasa tuzitazame sanamu. Josef Stammel alizaliwa Graz mwaka 1695, akaenda Italia kujifunza, kisha akarudi kuitumikia abasia ya Admont maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1765. Kwa hiyo dari la Altomonte hakuliona kamwe. Alikuwa amekwisha chonga mambo manne ya mwisho ambayo mapokeo ya Kikatoliki yanamtaka mwumini ayatafakari: Kifo, Hukumu, Mbingu na Jehanamu. Alizichonga kwa mti, zikapakwa rangi ya kuzifanya zifanane na shaba nyeusi, nazo ni kubwa kuliko kimo cha mtu. Katika Kifo, msafiri mzee wa kuhiji anavamiwa na mifupa yenye mabawa iliyoshika kipima-saa cha mchanga. Mwili wa mzee umeshapinda kwa uchovu wa njia kabla mkono wa kifo haujamfikia. Stammel ameijua fimbo, joho, na magoti ya mzee kama mtu aliyewaona mahujaji wengi wakipanda bonde lile. Katika Jehanamu kuna mtu anayefoka, na ghadhabu yake imechongwa hadi kwenye misuli ya shingo. Huoni moto, unaona hasira isiyo na wa kuipokea.

Wako wanaosema kwamba sanamu hizi ni masalia ya zama za giza zilizosahauliwa katika ukumbi wa nuru, kwamba ni baroki ya kutisha watu iliyowekwa chini ya dari la busara. Kwa historia ya mitindo, hawakosei sana. Kwa ukumbi wenyewe, nadhani wamelipata jambo kinyumenyume. Aliyeamua ziwekwe pale hakuwa mjinga wa mitindo. Juu alikuwa na mzee wa miaka 80 aliyechora alfajiri, na chini alikuwa na kazi ya marehemu aliyechonga saa ya mwisho, akaviacha vitazamane. Ukiinua macho unaahidiwa kwamba akili itapanda. Ukiyashusha unaulizwa umebakiwa na muda gani. Bila sanamu, dari ni hotuba isiyo na mpinzani.

Na historia ya Admont, nayo imekuwa ikijibu sana kwa upande wa Stammel. Mwaka 1865 moto uliteketeza karibu abasia nzima. Kanisa likaungua na likajengwa jingine la mtindo wa Kigothi mpya. Kinanda kilichosifika kikaungua. Mikusanyo ya viumbe na mawe ikaungua. Maktaba ikanusurika. Katika miaka ya 1930 uchumi ulipoanguka, watawa walilazimika kuuza sehemu ya hazina zao, na Biblia ile kubwa ya karne ya 12 inayobeba jina la Admont leo iko Vienna. Kisha Wanazi waliitwaa abasia na kuwafukuza watawa. Walirudi vita vilipokwisha. Mtu anayeutazama ukumbi na kuuona kama kitu kilichokuwa hivyo siku zote, kana kwamba weupe ule haukuwahi kukaribiwa na moshi, ameona nusu ya kazi.

Hata hivyo sitaki kumpa Stammel ushindi wa bure. Baada ya moto, mtawa mmoja aitwaye Gabriel Strobl alianza kuukusanya upya mkusanyo wa viumbe uliokuwa umegeuka majivu, akaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Ameacha wadudu wapatao 250,000, na mkusanyo wake wa nzi unahesabiwa miongoni mwa mikubwa ya Ulaya. Nzi! Kama kuna mtu aliyeliamini dari la Altomonte kwa vitendo, basi ni huyu, aliyepanda ngazi ya maarifa daraja kwa daraja, pini kwa pini, bila wingu la waridi. Nilikaa mbele ya makabati yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kuna na wengine ambao ukumbi hauwataji. Katika karne ya 12 Admont ilikuwa na nyumba ya watawa wa kike karibu na ile ya wanaume. Walikuwa wasomi, walinakili miswada, na mahubiri na ufafanuzi wa Maandiko wa Irimbert, ambaye baadaye alikuwa abate, yalihifadhiwa kwa mikono yao. Irimbert huyo ameacha pia masimulizi ya moto ulioipata nyumba yao mwaka 1152. Nyumba ile haipo tena tangu karne ya 16. Kazi za wanawake hao bado zimo katika miswada ya abasia, ambayo yote ni zaidi ya 1,400, lakini mgeni anayelipa kiingilio haioni miswada mingi. Anaona ngozi nyeupe ya vitabu vya chapa. Hapo lawama yangu si kwa Hueber wala kwa Altomonte. Ni kwetu tunaoandika juu ya urithi kwa kuhesabu mita na madirisha.

Nitaongeza jambo moja la karibuni. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba katika hazina ya Admont kumetambuliwa kipande cha ngozi cha miaka ya 800 hivi, sehemu ya nakala ya kamusi ya Kilatini na Kijerumani cha kale iitwayo Abrogans, ambayo huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha lugha ya Kijerumani. Jina hilo ni neno la kwanza la kamusi yenyewe, na maana yake ni mnyenyekevu. Kipande hicho hakina dhahabu, hakina jalada jeupe, na kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa akifunga safari kwenda Admont kwa ajili yake.

Kati ya mwaka 2004 na 2008 ukumbi ulikarabatiwa. Masizi na vumbi vikaondolewa, rangi zikarudi, vitabu vikasafishwa kimoja kimoja. Kazi ilifanywa vizuri, na imekuwa na tokeo ambalo sijui kama lilikusudiwa: kadiri dari na makabati yalivyozidi kung'aa, ndivyo sanamu zilivyozidi kuonekana nyeusi. Atakayekwenda namshauri asiinue macho mlangoni. Aende kwanza kwa yule msafiri mzee, amzunguke, atazame mkono wa mifupa unavyomfikia kwa nyuma, ndipo atazame juu.