Kichocheo cha Dhahabu Kinachochagua

Mchimbaji wa Geita au Kahama anaithamini dhahabu kwa kuwa haishiki kutu. Kwa sababu hiyohiyo wanakemia waliidharau miaka mingi: metali isiyoshirikiana na kitu itachocheaje mmenyuko? Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani alithibitisha kwamba chembe zake zikiwa ndogo mno, tena zikakaa juu ya oksaidi, huunguza monoksaidi ya kaboni hata chini ya nyuzi sifuri.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 2006, ya Avelino Corma na Pedro Serna wa Valencia, Hispania. Molekuli waliyoichukua, naitrostaireni, ina sehemu mbili zinazopokea haidrojeni: kikundi cha naitro na bondi maradufu ya kaboni. Walitaka naitro igeuke amini, bondi ibaki salama. Platinamu ina kasi, ila huvamia zote mbili. Dhahabu, asilimia 1.5 tu juu ya oksaidi ya titaniamu, iliigeuza naitro na kuiacha bondi, kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 95.

Siri iko mpakani. Naitro hujishikiza pale dhahabu inapokutana na oksaidi, na haidrojeni hupasuliwa juu ya dhahabu. Oksaidi basi si sahani ya kubebea tu; nayo inafanya kazi.

Utengenezaji wa kichocheo hiki unataka subira. Dhahabu safi huyeyushwa kwa asidi za naitriki na haidrokloriki, ikatoka chumvi ya njano. Myeyusho wake hupunguzwa ukali kwa sodiamu haidroksaidi, unga wa oksaidi ukatiwa, ukakorogwa kwenye nyuzi 70 hivi. Kisha huoshwa, tena na tena. Kloraidi ikibaki, chembe za nanomita 3 huungana kuwa madonge zikipashwa moto, na donge la dhahabu halichochei chochote.

Wenye mitambo ya sainaidi huku kwetu wanaijua nusu ya kazi hii, maana nao huinasa dhahabu iliyoyeyuka kwenye kaboni. Wao huivua tena. Kichocheo kinataka ibaki imetawanyika palepale.

Gramu 1 ya dhahabu hutoa takriban gramu 67 za kichocheo hicho. Mwanza ina kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu 2021. Wahadhiri wa kemia wa Dar es Salaam na Arusha, ombeni huko gramu chache muanze.